Mwisho Tunaujua, Tunaifuata Sauti

Hotuba mbele ya wapenzi wa hadithi, Lamu. Imenyooshwa kidogo ili isomeke.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango kana kwamba mnajiandaa kutoroka: masalkheri nyote.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya sauti, na hasa vile vya mapenzi. Mzee mmoja ameniuliza pale nje, kwa adabu zake zote, kama mada haikukosewa. Haikukosewa, mzee wangu, na sitasema hapa neno ambalo utaona haya kulisikia ukiwa umekaa na mwanao. Mapenzi mji huu haukuyajulia kwenye simu. Waliocheza gungu, walioandikiana mashairi kwa hati za Kiarabu, waliotunga nyimbo za kumtolea bi harusi, wote walijua walichokuwa wakikisema. Mimi nimekuja kuzungumzia ufundi.

Hoja yangu ni moja. Hadithi ya mapenzi ni bidhaa ambayo mnunuzi anaujua mwisho wake kabla hajatoa pesa. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi wa Marekani, kilipoeleza riwaya ya mapenzi ni ipi, kilitaja mambo mawili tu: penzi liwe ndilo kiini cha kisa, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Basi ukishaliona jalada, umeshajua kwamba watapatana. Kwenye hadithi ya upelelezi, msimulizi mbovu huokolewa na swali la nani aliyeua. Utamvumilia mpaka mwisho kwa sababu unataka jina. Mapenzi hayana swali hilo. Kinachobaki ni namna: msimulizi ametua wapi, amevuta pumzi lini, ametamka "haya" kwa sauti gani. Hayo hayamo kwenye karatasi. Ndiyo maana wasikilizaji wa hadithi hizi huko Marekani na Uingereza wana tabia ambayo wasikilizaji wengine hawana sana: wanamfuata msimulizi. Humuulizi mwandishi ametoa nini, unauliza fulani amesoma nini mwezi huu, kisha unanunua hata kama mwandishi humjui kabisa.

Msione ajabu. Babu zetu walifanya hivyohivyo. Fumo Liyongo atakufa. Nani hapa hajui? Atachomwa sindano ya shaba kitovuni, na atakayemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu alipouandika utendi wa Liyongo mwaka 1913, hakuwa akimpa mtu habari mpya. Kisa kilikuwa mitaani zamani. Lakini watu waliendelea kukaa barazani kumsikiliza anayeghani, na mwenye kughani vizuri aliitwa nyumba hii na nyumba ile, na asiyejua alikaa akasikiliza wenzake. Na wengi katika waliosikiliza, hasa akina mama waliokuwa upande wa pili wa pazia, utendi hawakuusoma kwa macho hata siku moja. Waliuhifadhi kwa sikio. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kusikiliza kitabu si kusoma, mwambie aende akagombane na bibi yake.

Historia ya vitabu vya sauti nitaipitia mbio, maana hiyo mnaweza kuitafuta wenyewe. Vilianza kwa ajili ya wasioona. Marekani ilianza kuwapelekea santuri za vitabu katika miaka ya 1930, na Uingereza ikafuata mwaka 1935, kukiwa na askari wengi waliopoteza macho katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Upande mmoja wa santuri ulibeba chini ya nusu saa, kwa hiyo riwaya moja ilikuwa mzigo wa kubebwa na mtu mzima. Zikaja kaseti, zikaja sidii. Mwaka 1995 ikaanzishwa kampuni ya Audible, na mwaka 1997 ikauza kidude cha mfukoni kilichoweza kubeba saa mbili tu za sauti. Mwaka 2008 Amazon ikainunua. Leo simu ya bei ya chini kabisa pale dukani inabeba maktaba.

Sasa kwa nini mapenzi ndiyo yaliyoshika sana sikioni? Sababu ya kwanza haina mahaba yoyote: mikono. Nendeni kwa mafundi wetu wa kofia za vito. Kofia moja ni wiki nyingi za sindano, macho kwenye tundu, mikono haipumziki, na masikio hayana kazi. Mama anayesuka ukili, kijana anayesafiri kwa basi kutoka Mombasa akapita Malindi na Witu mpaka Mokowe, kisha akangoja boti. Watu hawa wana muda mrefu wa kusikiliza na hawana hata dakika tano za kufungua kitabu.

Sababu ya pili ni faragha, na hii mji wetu unaielewa kuliko miji mingi. Mitaa yetu ni finyu. Ukibeba riwaya yenye picha ya kijana aliyefungua vifungo vya shati, kabla hujafika Mkomani kutoka Langoni shangazi zako wote wana habari. Kitabu cha sauti hakina jalada la kuonekana. Umeweka visikizi vya masikioni chini ya mtandio, unasukuma unga, na hakuna ajuaye kama unasikiliza mawaidha au unasikiliza mtu anaposwa. Huko Marekani na Uingereza pia ilikuwa hivyo: wasomaji wengi wa mapenzi walikuwa wakichekwa kwa vitabu wanavyovibeba, na sikio likawaondolea aibu hiyo.

Ya tatu ndiyo iliyonileta. Sauti iliyo ndani ya sikio ipo karibu kuliko mtu aliyekaa nawe mkeka mmoja. Mwigizaji wa jukwaani huipeleka sauti mpaka safu ya mwisho. Mtangazaji wa redio, na hiyo ndiyo kazi iliyonilea, husema na chumba kizima. Msimulizi wa mapenzi anasema na mtu mmoja, na mtu huyo yuko umbali wa kiganja. Niliwahi kuwafunza watangazaji wazuri, sauti zao nzito za taarifa ya habari, wakashindwa kabisa kazi hii. Kila sentensi waliitangaza. "Akamshika mkono" ilitoka kama vile serikali imetoa tamko.

Nataka niwaonyeshe kwa neno moja. Chukua mke aliyemngoja mume wake aliyekuwa baharini. Mume anaingia ndani, na mke anasema: "Umekuja." Kwenye kitabu ni hilo tu. Sasa nisikilizeni.

(Hapa nililisema neno hilo mara nne, nami nitajaribu kulieleza kwa maandishi. Mara ya kwanza sauti ilipanda mwishoni, na furaha ikatoka nje yote. Mara ya pili iliteremka, nzito, ya mwanamke aliyekwisha kukasirika tangu juzi. Mara ya tatu nililisema kwa kawaida kabisa, kama anayemjibu mteja, kisha nikanyamaza kwa muda mrefu kabla ya sentensi iliyofuata. Mara ya nne nilianza na pumzi iliyokatika, neno likaja nusu.)

Mmecheka kwenye ya kwanza, mmeitikia kwenye ya pili. Kwenye ya tatu hakuna aliyecheka, na yule mama wa mbele ameweka mkono kifuani. Hiyo ya tatu ndiyo ya fundi. Kwa nini? Kwa sababu mimi sikulia. Msimulizi akilia kabla ya mhusika, msikilizaji hana kazi tena ya kufanya. Mapenzi yaliyotamkwa yote huisha pale pale. Yaliyozuiliwa ndiyo yanayomfanya mtu asahau chungu jikoni.

Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa simulizi za sauti tunazozipakua kutoka Tanzania. Nazipenda, msinielewe vibaya. Hao wenzetu wametutangulia mbali, na hadithi wanazo tele, na watu wanazisikiliza usiku kucha. Lakini nyingi zinakwenda kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na chini yake umepigwa muziki wa huzuni ambao haunyamazi hata wakati watu wanauziana nyanya. Muziki ule unamwambia msikilizaji ahisi nini, na mtu mzima hapendi kuambiwa. Wasimulizi wa riwaya ndefu huko nje mara nyingi hawatumii muziki kabisa isipokuwa mwanzo na mwisho. Ni sauti na kimya. Kimya kinahitaji ujasiri kuliko kilio.

Jambo jingine ni sauti za wahusika wa jinsia nyingine. Mwanamume akifika kwenye maneno ya mwanamke, vijana wengi huibana sauti mpaka ikawa ya paka. Msifanye hivyo. Fundi hapandishi sauti sana. Anailegeza, anabadilisha pumzi, anapunguza kifua, na kasi ya maneno inakuwa nyingine. Mwanamke naye akisoma maneno ya mume hana haja ya kuunguruma. Inatosha kutulia na kukata sentensi fupi. Msikilizaji atakusaidia, yeye anataka kuamini.

Ama ikiwa mpo wawili, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupokezana sura: sura ya bibi anaisoma mwanamke mwanzo hadi mwisho, pamoja na maneno ya bwana yaliyomo ndani yake, na sura ya bwana anaisoma mwanamume. Ni rahisi kurekodi, kila mmoja anakaa kwake hata kama huyu yuko Shela na yule yuko Malindi. Ya pili ni kujibizana: popote bwana anapofumbua mdomo, sauti ya mwanamume inaingia, hata katikati ya sura ya bibi. Hii ni tamu zaidi na ni ngumu mara nyingi zaidi, kwa sababu wengi hawarekodi pamoja. Kila mtu anajisomea peke yake na fundi wa kuhariri anawaunganisha. Ukiwa umesema "Umekuja" kwa hasira na mwenzio amekujibu kana kwamba umesema kwa furaha, ndoa hiyo imevunjika kwenye kompyuta. Lakini sisi ni watu wa mashairi ya kujibizana. Kulisikia neno la mwenzio na kulijibu kwa mizani yake tumelelewa nalo, sioni kwa nini litushinde.

Na yale mambo ya faragha, maana najua vijana wa nyuma wanasubiri nifike hapo. Wasimulizi wengi wa Marekani wana majina mawili: la kwao, wanalosomea vitabu vya watoto na historia, na lakabu ya kusomea mapenzi ya moto. Malenga wetu wamekuwa na lakabu miaka yote, kwa hiyo hilo pia si geni. Mimi binafsi mlango wa chumba cha kulala naufunga na kuwaacha wahusika na mambo yao, na sijapata kuona hadithi iliyopungua utamu kwa hilo. Mwingine ana mpaka wake. Jua mpaka wako kabla hujaweka saini kwenye mkataba, usije ukagundua sura ya kumi na nne.

Lugha. Hapa nitakaa kidogo, wazee mniwie radhi. Kama hadithi imetokea Dodoma, isomwe kwa Kiswahili cha Dodoma. Lakini nimesikia simulizi imewekwa Lamu, punda wapo, majahazi yapo, hata milango ya nakshi, na bibi kizee anazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari ya Dar es Salaam. Masikio yangu yalikataa. Bibi wa Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, akimwona mjukuu ameamka na huzuni atamwambia, "Ndoo uketi. Mato yako hayakulala," yaani njoo ukae, macho yako hayakulala. Maneno matano, na msichana yule ameshajua kwamba siri yake imefichuka. Ukiyasanifisha utapata sentensi sahihi isiyo na bibi ndani yake. Masimulizi yaende kwa Kiswahili sanifu ili wa Kisumu na wa Mwanza wafuate. Wahusika wapewe midomo yao. Hakuna msimulizi wa mbali atakayetufanyia hili, hata awe na sauti ya asali.

Tunarekodi wapi? Watu hudhani ni lazima uende studio Mombasa. Nyumba zetu za mawe kuta zake ni nene na zinazuia kelele za nje vizuri sana. Taabu yake ni mwangwi wa ndani. Tafuteni chumba kidogo, tandikeni mikeka na mazulia, simamisheni magodoro kwenye kuta mbili, tundikeni mablanketi. Chumba chenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizojaa vitu huwa na mwangwi mdogo kuliko ukuta mtupu. Feni izimwe. Ndiyo, mtatoka jasho. Rekodini usiku baada ya isha, adhana zimepita, boti zimetulia, na mbaki na adui mmoja tu, punda, ambaye hana ratiba. Akilia, mnyamaze, mngoje amalize shairi lake, mrudi nyuma sentensi nzima, msianzie katikati.

Vueni bangili. Vueni saa. Buibui la kitambaa cha kuchakacha livuliwe, maikrofoni inasikia kila kitu. Tumbo likiunguruma, likumbatie kwa mto. Hao wasimulizi wakubwa wenye majina nao wanafanya hivyo hivyo. Mdomo ukiwa mkavu unatoa vijisauti vya kubofyabofya, na dawa yao maarufu ni kipande cha tufaha la kijani. Maji ya uvuguvugu pia yanafaa. Halua kabla ya kurekodi ni haramu yangu mimi, na tambuu vilevile.

Kuhusu malipo niseme wazi, maana hapa ndipo vijana wanapopunjwa. Huko kwenye soko kubwa msimulizi hulipwa kwa saa iliyokamilika, yaani saa ya kitabu anayoisikia mnunuzi. Saa hiyo moja hula saa mbili au tatu za maikrofoni, na bado kuna kuhariri na kusikiliza upya. Riwaya ya Kiingereza ya maneno 90,000 hutoka karibu saa 10. Kwetu usihesabu kwa maneno, utajipunja: "nimekungojea" ni neno moja kwenye orodha na ni kifungu kizima mdomoni. Hesabu kwa dakika. Na mtu akikuambia "soma kwanza, tutaona", mwambie utaona kwanza ndipo usome.

Upande wa pili wa haki hiyo: hadithi ina mwenyewe. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na hadithi iliyosambaa WhatsApp haijapoteza mwenyewe kwa kusambaa. Mtu anachukua kisa cha dada aliyekiandika usiku na watoto wamelala, anakisoma, anakiweka mtandaoni, anakula matangazo, na jina la dada hata halitajwi. Huo ni wizi, hata ukisomwa kwa sauti nzuri. Mtafuteni mwandishi, mwandikiane, mgawane.

Najua swali linalokuja, kwa hiyo acha nilijibu kabla: mashine. Januari 2023 Apple ilitoa sauti za kompyuta za kusoma vitabu, na miongoni mwa aina za kwanza kupewa sauti zake yalikuwa mapenzi. Fikirini hilo. Wangeweza kuanza na vitabu vya upishi. Wakapeleka mashine kwenye mapenzi, nadhani kwa sababu vitabu ni vingi mno na waandishi wengi hawana pesa za kumlipa msimulizi. Sauti zenyewe si mbaya. Zinatamka vizuri, hazichoki, hazina tumbo la kuunguruma. Kwa mtu asiyeona ambaye kitabu chake hakijasomwa na yeyote, ni neema, sitaibeza. Lakini ile "Umekuja" ya tatu, ile ya kunyamaza, ilitokana na mimi kuamua kwamba mke huyu hatampa mume wake furaha yake bure. Mashine haikuamua kitu. Na kwa Kiswahili, usiseme kwa Kiamu, bado inajikwaa sana. Tuna muda kidogo. Sijui ni miaka mingapi, ila ningekuwa nyinyi nisingeungoja mwaka ujao.

Kwa hiyo maneno yangu yameisha, kazi ndiyo inaanza. Pale mezani kuna simu ya kurekodia na karatasi ya ukurasa mmoja niliyoiandika mwenyewe, isiwe tumemnyang'anya mtu chake. Ni mazungumzo ya watu wawili kwenye ngazi za gati, mmoja anaondoka na boti ya Mokowe. Kila anayetaka kujaribu aje na mwenzake. Msome mara moja kimyakimya, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu tutarekodi. Wazee nao waje. Nimeona mzee mmoja hapa midomo yake ikicheza nilipokuwa nikilisema lile neno. Bangili ziwekwe kwenye sinia pale, kila mtu akumbuke zake. Nani anaanza?